Anayegonga Kutoka Chini

Watu wakisikia kwamba mimi, Wangechi, fundi wa kushona sare za shule hapa mtaani Rhonda, hufanya jujitsu kila Jumamosi, huniuliza maswali mawili ya kipumbavu. La kwanza ni kama nimewahi kumvunja mtu. La pili ni kama bado natarajia kuolewa. La pili huwa siwajibu. La kwanza huwaambia kwamba huko hatupigi mtu ngumi wala teke. Unamshika mwenzako, mnalala chini, mnabanana, na mwenye akili ndiye hushinda.

Na kitu cha kwanza unachofunzwa si kubana. Kocha wetu, Kipkemei, hata hakuonyeshi jinsi ya kukaba shingo kabla hujajua kugonga. Ukizidiwa, unampiga mwenzako makofi mepesi ya haraka popote mkono unapofika, mgongoni, pajani, begani, naye anaachilia. Anaachilia papo hapo. Haulizi kama unatania, wala haongezi kidogo ili akukomeshe. Mtu asiyeachilia akigongwa hufukuzwa, hata awe hodari namna gani. Kwa sababu ya sheria hiyo moja mimi, mwanamke nisiyemwamini hata muuza maziwa, naweza kumpa mtu shingo yangu nikalala mkononi mwake nimetulia.

Mtu niliyempa shingo mara nyingi zaidi ni Mbugua, kaka yangu wa kunifuata. Tangu mama atuache tumebaki wawili. Yeye ni makanika wa pikipiki, vidole vyake havitoki oili hata kwa sabuni ya mche, na ana mikono mizito. Lakini ukimgonga, hiyo mikono hufunguka kabla hata hujamaliza. Tulikuwa tunamcheka kwamba nzi akitua mgongoni mwake, ataachilia. Yeye hucheka tu. Alikuwa na hofu moja maishani, hofu ya kumuumiza mtu.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye kinu cha zamani cha posho, pale ukingoni mwa Rhonda. Mashine ilishauzwa, lakini ukuta bado ulitoa unga ukiusugua. Tulitandika mikeka ya povu juu ya sakafu ya simiti, tukatundika picha ya bendera, basi. Jumamosi, tukimaliza mazoezi ya kawaida, Kocha alitufunga vitambaa machoni, vitambaa nilivyoshona mimi mwenyewe kwa mabaki ya sketi za bluu, tukashikana gizani ingawa nje jua la saa nne liliwaka.

"Macho inakudanganya," Kocha alipenda kusema. "Mwili haidanganyi. Sikiza mwili."

Mimi nilikuwa na Winrose siku jambo hili lilipoanza. Winrose huuza viatu vya mitumba, hana maneno mengi, na ingawa ni mwembamba, akikulalia kifuani utadhani ni gunia la viazi. Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa juu. Nilimlalia kifuani kwa ubavu, nikaukunja mkono wake wa kulia kama kufuli, nikaanza kuupeleka polepole kule usikotaka kwenda. Nikasikia kofi kwenye goti langu. Nikaachilia. Hapo hapo Winrose akanipindua, akanikalia tumboni, akacheka.

"Asante kwa zawadi," akasema.

"Zawadi gani? Si umegonga!"

"Nigonge na mkono gani? Moja uko nayo, ingine umelalia."

Nikavua kitambaa. Kweli, mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya mkeka, kwa jinsi nilivyokuwa nimeulalia.

Jumamosi iliyofuata jambo hilo likawapata wengine. Huyu anaachilia, yule anauliza mbona umeachilia, na kelele zinaanza. Kocha, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi upuzi, alidhani tunamchezea. Akatupigisha pushapu mpaka mate yakakauka. Kisha yeye mwenyewe akafunga kitambaa, akamchukua Mbugua, akamkalia tumboni. Sote tulikuwa tumevua vitambaa, tukiwatazama. Tulimwona Kocha akishika kola ya Mbugua kwa mikono miwili, akikaza. Mikono ya Mbugua ilikuwa kwenye viwiko vya Kocha, ikisukuma, haikutoka hapo. Halafu Kocha akaachilia.

Alivua kitambaa, akaangalia mikono ya Mbugua. Akaangalia mguu wake mwenyewe, ule uliokuwa umelala juu ya mkeka. Akaupangusa, kama mtu aliyetambaliwa na mdudu.

"Tuinue mikeka," akasema.

Chini ya mikeka kulikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, kiasi cha kupitisha sarafu, ukitoka pale mashine iliposimama zamani mpaka mlangoni. Mbugua akaweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka. Nikaweka changu. Palitoka hewa ya moto, yenye unyevu, na haikutoka mfululizo. Ilitoka, ikakatika, ikatoka tena.

Mgeni angekimbia. Lakini mtu wa Rhonda na ufa ni majirani. Mvua kubwa ikinyesha ardhi yetu hubonyea, leo hapa kesho pale, na mtu husogeza choo chake hatua kadhaa akaendelea na maisha. Na mvuke pia si habari huku kwetu, bonde zima lina moto chini. Kwa hiyo tulifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Tulichanganya mchanga na simiti, tukaziba, Kocha akaomba maombi marefu kwa Kiswahili na mengine marefu zaidi kwa Kikalenjin, tukarudisha mikeka.

Kugongwa kukaisha. Mimi nikaanza kutania tena, nikasema labda lilikuwa jini la posho linalodai unga wake. Wote wakacheka isipokuwa Winrose, aliyekuwa akifunga kamba za viatu.

"Hiyo kitu ilikuwa inajifunza," akasema bila kuinua kichwa. "Kila ikigonga, inaona tunaachilia."

Nilimwambia aache kutuletea mikosi. Nilikasirika, na hasira yangu mara nyingi ni woga uliovaa viatu.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha wiki nzima bila huruma. Jumamosi ikapambazuka safi. Tulipomaliza mazoezi nilichukua makoti ya mazoezi yaliyolowa jasho, nikaenda kuyaanika nyuma ya kinu, kwenye waya ulio kati ya ukuta na mti wa mkaratusi. Nilikuwa nimevaa langu bado, limefungwa mkanda. Niliinua mikono kutundika koti la kwanza, na ardhi ikaondoka.

Haikupasuka kwa kishindo. Iliondoka tu, kimya, kama mtu anavyovuta kiti unapotaka kukaa. Nilijikuta ndani mpaka kwapani, miguu yangu ikipiga hewa, udongo ule laini wa jivu ukimiminika kunizunguka. Nilipiga mayowe ya jina moja.

Mbugua alitokea wa kwanza. Hakusimama ukingoni kama mjinga. Alilala kifudifudi, akatawanya miguu kugawa uzito, akajivuta mpaka uso wake ukafika kwenye wangu. Akapitisha mikono chini ya makwapa yangu, akaifunga nyuma ya mgongo wangu kiganja kwa kiganja, vidole gumba vikiwa ndani, kama tulivyofunzwa. Mshiko ule haufunguki kirahisi. Mimi nikashika kola ya koti lake kwa mikono yote miwili.

"Nimekushika," akasema. "Usipige mateke. Tulia."

"Kocha ako wapi?"

"Ameenda kutafuta kamba kwa watu wa lori huko barabarani. Winrose ameenda na yeye. Tulia, Wangechi, nimekushika."

Nikatulia. Nilijua nimepona. Katika dunia hii yote hakuna mahali ningechagua kuwa kuliko katika mikono ile. Mbugua alianza kujisukuma nyuma kwa magoti, na nilihisi kifua changu kikipanda.

Ndipo nikahisi vidole. Havikuwa vya Mbugua, maana vyake nilivijua, vilikuwa vimejikunja penye uti wa mgongo wangu. Hivi vilitoka kwenye udongo nyuma yangu. Vilinipapasa kwanza, taratibu, kama kipofu anavyotafuta kitasa cha mlango, vikafika penye mikono yake iliyofungana. Vikagonga. Makofi mepesi, ya haraka, ya adabu, jinsi yeyote kati yetu angegonga.

Na mikono ya Mbugua ikafunguka.

Simlaumu. Niseme wazi kabla hamjaanza. Mikono yake haikumwuliza, ilifanya kile ilichofanya maelfu ya mara. Niliuona uso wake nikishuka, na ulikuwa uso wa mtu aliyeduwaa. Kola ilinichomoka vidoleni.

Sikuanguka mbali sana. Ufa ulikuwa umejikunja, na nilikwama pale ulipobana, nyonga zikashikwa na pande zote mbili. Juu niliona mstari wa anga. Chini sikutazama. Hewa ya moto ilipanda miguuni mwangu, ikakatika, ikapanda.

"Umegonga!" Mbugua alikuwa akilia huko juu. "Wangechi, mbona umegonga? Unataka nikuache?"

"Sijagonga! Nilikuwa nimekushika kola! Mikono yote!"

Nilisikia akifikiri. Sisi wawili tumelala chumba kimoja utotoni, najua akifikiri anavyopumua.

"Basi nani amegonga?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Udongo ulikuwa ukiendelea kushuka, umefika kifuani mwangu na ulikuwa ukibana kidogo kila nilipotoa pumzi. Kocha na Winrose wakarudi na kamba ya kufungia mizigo, pamoja na vijana wawili wa kupakia lori. Nikawasikia wakibishana. Kunitupia kamba haikufaa, nisingeweza kuipitisha chini ya makwapa, udongo ulishanifunga. Ilibidi mtu ashuke kichwa chini, amefungwa miguu, anishike kwa mikono. Mwembamba wa kupita alikuwa Winrose au Mbugua. Mbugua hakungoja mtu aulize.

Akaja akishuka, uso wake umevimba kwa damu iliyojaa kichwani, machozi yakimtiririka kuelekea kwenye nywele. Nikamshika uso kabla hajanifikia vizuri.

"Mbugua, nisikize. Itagonga tena."

"Najua."

"Usiachilie. Ikugonge vile inataka, usiachilie."

"Na kama ni wewe? Kama nakuumiza?"

"Hata kama ni mimi."

"Wangechi..."

"Hata kama ni mimi! Apa."

Akaapa, kwa jina la mama. Akaufukua udongo kwa vidole, akapitisha mikono, akafunga kiganja kwa kiganja, akanikumbatia mpaka uso wangu ukazama kwenye koti lake na mdomo wangu ukajaa nguo na udongo. Sikuweza kusema tena. Akapiga kelele wavute.

Walivuta. Na kile kitu kikaanza kugonga. Kwanza kwa adabu kama mara ya mwanzo. Kamba ikakaza, nikapanda kidogo, nacho kikagonga kwa nguvu zaidi. Nilihisi kila kofi kupitia mikono ya kaka yangu. Kikahamia kwenye viwiko vyake, kikarudi mgongoni mwangu, kikagonga kwa mikono ambayo haikuwa miwili. Mbugua alikuwa akinguruma kama mtu anayezuia kutapika, lakini hakufungua. Halafu mbavu zangu zikaanza kulia. Nilisikia moja ikikatika, maumivu yakanipanda mpaka machoni, pumzi ikaniisha kabisa. Na mimi, mimi mwenyewe niliyemwapisha, nikainua mkono nikamgonga kaka yangu ubavuni. Nikamgonga kwa nguvu zangu zote. Mwili haukujua kitu kingine cha kufanya.

Hakuachilia. Nikaona jua.

Kanisani walitutolea shukrani. Mchungaji akahubiri juu ya mshiko wa Mungu, na akina mama wa Rhonda wakamletea Mbugua kuku. Kinu kikazungushiwa mabati, lori zikaja kumwaga mawe ndani ya ufa, na walio karibu wanasema mawe yalichukua muda mrefu sana kufika chini. Mimi nikafungwa kifua, nikalala, nikashonewa kazi na wengine.

Mbugua alinitunza kama mtoto. Alinipikia, akanifulia, hakunung'unika. Ila nilikuwa nikimwita anageuka polepole, ananitazama kwanza kabla ya kuitika. Akinipa kikombe cha chai, nilikishika, naye hakukiachilia. Tulibaki tumekishika wote wawili mpaka nimwambie. Wakati mwingine nilimwambia, na bado alikaa kidogo. Nilimtania kwamba siku hizi hata nzi hawezi kumfukuza. Hakucheka.

Mbavu zilipopona, Kocha alikuwa amepata ukumbi mwingine huko Bahati, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa za mifugo. Nilifurahi kwamba ni ghorofani. Nilitaka kuwa mbali na udongo. Mazoezi ya kwanza Kocha hakutufunga macho, alitufunza mambo ya msingi kabisa kama wageni: kuinua nyonga ukilaliwa, kutoka ubavuni, kukaba kutoka nyuma. Halafu akasema kila mtu atafute mwenzake.

Winrose alinijia. Nikamwambia leo hapana, leo ni Mbugua. Yeye alikuwa ameketi penye ukuta, akiangalia viganja vyake.

"Tusijaribu leo," akasema.

"Usinifanye yai, wewe. Njoo."

Nilitaka turudi tulivyokuwa, basi. Nilikaa mbele yake, nikampa mgongo. Akapitisha mkono shingoni mwangu, akashika bega lake la pili, kiganja kingine akakiweka nyuma ya kichwa changu. Harufu ya oili ikanijia, na nusura nilie kwa furaha. Akakaza polepole, vizuri, kama zamani. Nilipoona inatosha, nikamgonga mkononi.

Haukufunguka.

Nikagonga tena. Nikafikiri labda hakuhisi, nikagonga kwa nguvu, pajani, mkekani. Mkono ulikuwa pale pale. Haukuwa na hasira, haukuongeza kasi. Ulikuwa umenishika tu, kama mtu aliyeapa. Nikajikunja, nikazamisha kidevu kwenye kiwiko chake, nikapata pumzi ya maneno machache.

"Mbugua, ni mimi."

Akaniinamia. Midomo yake ilikuwa baridi sikioni mwangu.

"Hivyo ndivyo hiyo kitu ilisema huko chini," akanong'ona. "Na sauti yako. Mdomo yako ilikuwa imezibwa na koti yangu, na bado hiyo sauti ilikuwa inasema hivyo hivyo."

Akakaza.

Kocha na Winrose ndio waliomfungua, kidole kimoja kimoja. Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa imeinuliwa juu ya kiti, na Winrose alikuwa akinipepea kwa koti. Mbugua alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Alikuwa akilia, analia kama siku tuliyomzika mama, na hakuthubutu kunigusa. Wengine walikuwa wamesimama mbali naye.

"Ni wewe?" akaniuliza mbele ya wote. "Niambie tu ukweli. Wangechi, ni wewe?"

Nilimpenda sana wakati ule, na niliogopa. Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona kwamba jibu lolote nililokuwa nalo, yule wa chini alishampa.